Katlesi za kaa na bia: mpishi ndiye anayepima chupa

MGONJWA mmoja alikuja katika kliniki yangu hapa Isiolo mwezi uliopita, akiwa ndio kwanza ametoka likizo Watamu. Presha yake ilikuwa imepanda, na kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimeanza kumpa ishara ambazo mtu wa umri wake hapaswi kuzipuuza. Akanieleza jinsi alivyopelekwa na rafiki zake Dabaso, kando ya hori ya Mida, mahali ambapo kikundi cha wenyeji hufuga kaa na kuwapika katika mkahawa uliojengwa juu ya nguzo katikati ya mikoko. Alikula, akanywa, akarudi kesho yake, na keshokutwa pia. Sasa anataka kujipikia nyumbani.

"Daktari," akaniuliza, "kati ya hawa wawili nimwache nani, kaa au bia?"

Nilimwambia kwamba kabla ya kumwacha yeyote, anieleze kwanza vyakula hivyo vilikuwa na chumvi na pilipili kiasi gani. Akacheka, akidhani nafanya mzaha.

Sikuwa nafanya mzaha, na ndiyo sababu nimeamua wiki hii niandike kuhusu katlesi za kaa zenye viungo na chupa ya bia inayowekwa kando yake. Maoni yangu ni haya: kaa ana hatari zake na bia ina zake, lakini vinapokutana juu ya meza moja huanza kusaidiana. Chakula huivuta bia, na bia huficha kile ambacho chakula kinakufanyia. Mtu akilielewa hilo, atapika kwa namna nyingine, na atakunywa kidogo bila ya kuambiwa na daktari.

Najua, msomaji, unavyotarajia makala ya daktari kuhusu pombe imalizike. Acha! Neno hilo nimelisema katika chumba changu mara nyingi mno, nikaitikiwa "sawa daktari", na jioni ya Ijumaa nikapita barabarani nikamwona mtu yule yule amekaa pale pale. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Januari 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kusemwa kuwa hakina madhara kwa afya, na mimi silipingi. Pombe inachangia saratani, ya koo ikiwemo, na koo ni jambo ambalo sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuliogopa kuliko wengi. Asiyekunywa asianze kwa ajili ya makala haya. Lakini yupo yule atakayekunywa Jumamosi hii, niseme nisiseme. Nazungumza naye.

Pia niseme mapema kwamba wengi wa majirani zangu mjini hapa ni Waislamu ambao hawagusi bia, na baadhi yao hata kaa wana shaka naye kwa vile huishi majini na nchi kavu. Hilo la pili ni la kumwuliza sheikh, si daktari. Kwao nitakuja na samaki, na kinywaji ambacho kwa kweli kinalingana na katlesi kuliko bia.

Mimi sikuzaliwa nikijua kaa. Kwetu, milimani huko Meru, kaa alikuwa mdudu wa kijitoni ambaye watoto walimchokoza kwa kijiti. (Na yule wa mtoni mwache huko huko. Nchi kama Nigeria na Kameruni, kaa wa mtoni asiyeiva vizuri humpa mtu mnyoo wa mapafu, akakohoa damu hadi akatibiwa kifua kikuu asichokuwa nacho.) Kaa wa baharini nilimjua nilipokuwa daktari mwanagenzi pwani, nikipanga chumba katika nyumba ya mama mmoja wa Malindi. Jumapili alikuwa akitengeneza katlesi, na mimi nilikaa kwenye kibao nikichambua nyama kutoka kwenye magando. Siku moja nilinyosha mkono kuchukua kopo la chumvi. Akanipiga mkono kwa mwiko.

"Kaa ana bahari yake ndani, mwanangu," alisema. "Usimtilie ya pili."

Ilinichukua miaka mingi, na usiku mmoja wa maumivu, kuelewa kwamba mama yule alikuwa amenifundisha somo la udaktari.

Nianze na kaa mwenyewe, kwa kuwa Isiolo ni mbali na bahari. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480, na kutoka Nairobi hadi hapa ni karibu 285 nyingine. Kaa aliyekufa njiani, na hasa chini ya jua letu, si chakula tena. Mnyama huyu akifa, vimeng'enya vya tumbo lake huanza kumyeyusha kutoka ndani, na bakteria walioletwa na maji ya bahari huongezeka kwa kasi ambayo nyama ya mbuzi haiifikii. Kumpika baadaye hakurudishi kilichoharibika. Lakini yule kaa mkubwa wa mikoko ana bahati moja: anaweza kukaa nje ya maji siku kadhaa akiwa hai, mradi awe kivulini, apate baridi kiasi, na afunikwe gunia lenye unyevu. Shemeji yangu anayefanya kazi Kilifi hunitumia hivyo, wamefungwa magando kwa kamba, ndani ya kapu, kwa basi la usiku. Wakifika nawapima kwa njia rahisi. Naushika mguu na kuuvuta taratibu. Kaa mzima huurudisha. Asiyeurudisha naenda kumzika shambani, hata kama nimemlipia nauli.

Ukinunua nyama ya kaa iliyogandishwa Nairobi, hakikisha haikuyeyuka ikagandishwa tena. Pakiti iliyojaa vipande vikubwa vya barafu upande mmoja inakueleza historia yake. Na umeme ukipotea usiku kucha nyumbani kwako, usiwe na huruma na bei uliyolipa.

Mapishi yenyewe hayana siri. Kaa wawili wa kilo moja moja wanatosha watu sita. Walaze kwanza katika barafu dakika 20 au zaidi ili walale ganzi, kisha uwatumbukize katika maji yanayotokota, dakika 20 nyingine. Maji hayo usiyatie chumvi. Wakipoa, vunja gamba, tupa yale matamvua laini ya kijivu ya kupumulia, na uchambue nyama kwa subira, maana kipande kimoja cha gamba kinaweza kuvunja jino la mgeni. Chemsha viazi vinne vya kadiri (hapa tunapata vizuri kutoka Timau), viponde vikiwa vikavu, vichanganye na nyama. Kisha viungo: kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, kijiko cha chai cha bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa, manjano kidogo, pilipili manga, dania nyingi iliyokatwa, ganda la ndimu lililoparwa na maji ya nusu ndimu. Pilipili mbichi moja, iliyotolewa mbegu, kwa mchanganyiko wote. Finyanga, chovya katika yai lililopigwa, viringisha katika chenga za mkate mkavu, na ukaange katika mafuta yanayofika nusu ya katlesi, si yanayoizamisha. Mafuta hayo yakishageuka rangi na kuanza kutoa moshi, yamwage. Najua yanauma kumwaga kwa bei ya leo. Kaanga kidogo kidogo ili usihitaji mengi.

Umeona kwamba sikutaja chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote tangu asubuhi. Mkate tulioufanya chenga tayari una chumvi. Kaa tayari ana chumvi. Ndimu na dania hufanya kazi ambayo ulimi uliozoea chumvi haukujua kwamba inaweza kufanywa na kitu kingine.

Sasa tazama kinachotokea mpishi anapofanya kinyume. Chumvi humtia mtu kiu, na hilo kila mwenye baa analijua. Ndiyo maana njugu anazokupa bure si bure. Pilipili nayo ina hila yake. Watu wengi hunywa bia ili kuzima moto wa pilipili, lakini kileo hushtua neva zile zile zinazoshtuliwa na pilipili. Ubaridi wa chupa hukutuliza kwa muda mfupi, halafu moto unarudi, pengine umezidi, nawe unapiga funda jingine. Isitoshe, bia humfanya mtu apoteze maji kwa njia ya mkojo, kwa hiyo kiu haishi. Aliyekuja na nia ya chupa moja anajikuta kwenye ya nne, na kesho yake anajilaumu kwamba hana msimamo. Msimamo anao. Alishindwa jikoni, kabla hajafungua chupa ya kwanza.

Hili nalijua kwa sababu lilinikuta. Desemba moja, miaka michache iliyopita, nilialikwa na marafiki mwisho wa mwaka. Mwenyeji alikuwa amejifunza katlesi za kaa, lakini alikuwa mtu wa kupenda sifa, na aliamini kwamba katlesi isiyomtoa mtu machozi haikupikwa. Kabla yake tulikuwa tumekula mbuzi, na maini yake, na figo. Nilikunywa chupa nne. Sina kawaida hiyo, ila kila katlesi ilikuwa inaniomba maji nami naipa bia.

Saa nane za usiku niliamshwa na maumivu katika kidole gumba cha mguu ambayo sikuwahi kuyafikiria. Kwa kuwa tuko Isiolo, wazo langu la kwanza lilikuwa nge. Niliwasha tochi, nikakung'uta shuka, nikapindua viatu na kuinua godoro upande mmoja, nikimtafuta. Mke wangu aliamka akanikuta nachechemea kuzunguka kitanda nikiwa na ndala moja mkononi. Yeye si daktari, lakini aliangalia kidole kilichovimba na kung'aa kama nyanya, akauliza tu, "Si ndio ule ugonjwa unaowagombeza watu kila siku?"

Lilikuwa jongo, au gauti kama wengi wanavyouita ugonjwa huo. Mwili unapovunjavunja vitu viitwavyo purini hutoa asidi ya yuriki, ambayo figo huitoa kwa mkojo. Ikizidi, hujenga vijiwe vidogo mfano wa sindano ndani ya kiungo, na mara nyingi huanza na kidole kile. Uzito wa shuka pekee unatosha kumliza mwanamume mzima. Purini ziko katika nyama, na zaidi katika maini na figo. Kaa yumo katika kundi la kati. Bia ina mlango wa aina mbili: ina purini zake kutokana na namna inavyochachushwa, na kileo chake huongeza utengenezaji wa asidi hiyo na kuzizuia figo zisiitoe.

Mwaka 2004 zilichapishwa ripoti mbili kutokana na uchunguzi wa wanaume zaidi ya 47,000 wa Marekani waliofuatiliwa kwa miaka 12. Walikuwa watu wa taaluma za afya, madaktari wa meno na wa mifugo wakiwemo, kwa hiyo nawaona kama wenzangu waliopaswa kujua zaidi. Wanaume 730 kati yao walipata jongo katika muda huo. Kila chupa ndogo ya bia iliyonywewa kila siku iliandamana na ongezeko la hatari la karibu nusu. Pombe kali iliongeza kidogo kuliko bia, na mvinyo wa kadiri haukuonekana kuongeza. Waliokula zaidi vyakula vya baharini na nyama walipata jongo zaidi. Na waliotumia zaidi maziwa na mazao yake walilipata kwa uchache. Maziwa yao yalikuwa ya ng'ombe, na miili yao na maisha yao si yetu, lakini sijaona sababu ya kudhani kwamba bia ya Isiolo ina huruma kuliko ya Boston.

Hapa nina neno kwa wenye presha. Wengi wenu mnameza vidonge vya kupunguza maji mwilini, vile vinavyokufanya ukojoe mara kwa mara asubuhi. Ni dawa nzuri, na ya bei nafuu, ila ina tabia ya kupandisha asidi ya yuriki. Mgonjwa wangu wa Watamu alikuwa anaimeza. Usiiache mwenyewe kwa sababu umesoma gazeti! Mwambie daktari wako kwamba kidole kinauma, naye ataangalia kama kuna nyingine inayokufaa. Wenye kisukari wanaotumia vidonge vya kushusha sukari, nao wasinywe bia na tumbo tupu wakingoja katlesi ziive. Sukari inaweza kushuka usiku mtu akadhaniwa kalewa.

Kudhaniwa kalewa. Hilo ndilo linalonirudisha kwenye jambo ambalo limenifanya niandike, na ambalo si jongo. Jongo linauma lakini haliui mtu mezani.

Mwaka juzi nilimkaribisha kwangu mwalimu mmoja, kijana wa miaka 30 na kitu, mzaliwa wa huku kaskazini, ambaye hakuwa amewahi kula kitu chochote kilichotoka baharini. Nilimpokea kwa bia, kama mwenyeji afanyavyo. Alipomaliza chupa ya kwanza nikaleta katlesi. Alikula mbili akazisifu. Baada ya dakika kama kumi niliona uso wake umeiva. Akajikuna shingo. Nikamuuliza vipi, akacheka: "Ni bia tu, daktari. Imenipanda upesi kwa sababu sikula mchana." Na mimi, ambaye nina shahada ya kazi hii, nilikubali. Nikamwongezea maji.

Kilichonishtua ni sauti yake. Ilikuwa imekwaruza, kama ya mtu mwenye mafua makali. Kisha akasimama akitaka kwenda kutapika, akayumba, na wenzake wawili wakaangua kicheko, wakimwambia kwamba mwalimu hajui kunywa. Midomo yake ilikuwa inavimba tukiitazama. Nilikimbilia mkoba wangu, nikamlaza chini, nikainua miguu yake na kumchoma sindano ya adrenalini kwenye paja, kupitia suruali. Dakika chache baadaye nilimchoma ya pili. Halafu tukampeleka hospitalini, akalazwa hadi asubuhi, kwa sababu mshtuko wa mzio unaweza kutulia kisha ukarudi baada ya saa kadhaa mgonjwa akiwa peke yake kitandani.

Kama ningekuwa fundi wa magari badala ya daktari, angekufa sebuleni kwangu huku tukimcheka.

Watu huniuliza inawezekanaje mtu akawa na mzio wa kitu ambacho hajawahi kukila. Inawezekana. Protini inayoleta taabu katika kaa na kamba inafanana sana na iliyomo katika mende na katika vijidudu vidogo mno vinavyoishi kwenye vumbi la magodoro. Mwili uliokwisha kujizatiti dhidi ya vumbi unaweza kumwona kaa kama adui wa zamani. Mwalimu yule, nilipomhoji baadaye, alikiri kwamba tangu utotoni hupiga chafya mfululizo kila akikung'uta matandiko. Si kila anayepiga chafya atadhurika na kaa, na wengi hawadhuriki. Lakini ni swali ambalo ningemuuliza kabla ya kumpa sahani, na sikumuuliza.

Bia ilifanya mambo mawili mabaya usiku ule. Kwanza, kileo ni mojawapo ya vitu vinavyoweza kuufanya mzio uwe mkali kuliko ambavyo ungekuwa. Vingine ni mazoezi mazito, na dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac, ambazo huku kwetu hunywewa kama peremende. Pili, ilitupa maelezo ya uongo. Uso kuiva, kuyumba, kutapika, maneno kukwama: kila dalili tuliyoiona ilikuwa na jibu lililokwisha kuandaliwa ndani ya chupa. Chupa hiyo nilimpa mimi.

Tangu siku hiyo nimeweka kanuni nyumbani kwangu, na ningependa uiweke kwako. Mtu anayekula kaa kwa mara ya kwanza maishani hapewi bia. Anapewa kipande kidogo cha katlesi mchana, akiwa mzima, hana kidonge cha maumivu tumboni, na tunazungumza kwa nusu saa na zaidi kabla ya kumpa kingine. Akiwashwa, akivimba mdomo, akibadilika sauti, akianza kutapika au kuhema, tunaondoka kwenda hospitalini wakati huo huo, hatungojei tuone. Kitu cha kuuliza mapokezini ni adrenalini. Kidonge cha kuzuia muwasho kinasaidia ngozi, hakifungui koo.

Kwa yule aliyemzoea kaa, ambaye kidole chake hakina historia kama yangu, na ambaye hataendesha gari, nitasema ninavyoona kuhusu bia yenyewe. Bia nyepesi ya rangi ya dhahabu ndiyo inayofaa. Gesi yake na uchungu wake mdogo husafisha mafuta ulimini na kuuacha utamu wa kaa uonekane. Bia nyeusi humfunika kabisa, na nyingi zina kileo cha asilimia 6 au zaidi. Ile ya kawaida ya nusu lita yenye asilimia 4.2 ina gramu 16 na nusu hivi za kileo halisi. Sisi hupima kwa gramu 10, kwa hiyo unaposema "chupa moja tu daktari", kwenye daftari langu ni zaidi ya moja na nusu, na ini lako litahitaji karibu saa mbili kuimaliza. Ifungue katlesi zikiwa tayari mezani, si wakati mafuta yanapashwa moto. Weka jagi la maji karibu kuliko chupa, uzime kiu kwa maji. Bia isiyo na kileo inasaidia upande wa barabara na wa ini, ila wenye jongo wajue kwamba nayo ina purini.

Mimi mwenyewe siku hizi sinywi bia na kaa. Nakunywa maziwa, na sioni aibu. Maziwa ndiyo yanayozima pilipili kweli, kwa kuwa protini yake huikamata na mafuta yake huiyeyusha, na kuyapata Isiolo si kazi, katika mji ambao akina mama wake hupakia madumu ya maziwa ya ngamia kwenye mabasi kila siku kuyapeleka Eastleigh. Yachemshe kwanza. Najua wazee watanigombeza, lakini brusela ninayoitibu hapa kila mwezi haikutoka kwa kaa. Yakichemka, yakapoa, ukayatia iliki kidogo na kuyaweka kwenye friji, yanakwenda na katlesi ya dania na ndimu vizuri sana. Asiyependa maziwa atengeneze maji ya ukwaju bila ya sukari nyingi.

Na asiyetaka kaa, au asiye na shemeji Kilifi, atumie samaki. Sato aliyechemshwa na kutolewa miiba, viungo vile vile, viazi vile vile, chumvi hakuna. Mkono wako utataka kulifikia kopo. Uzuie kwa wiki kadhaa tu, ulimi utazoea.

Mgonjwa wangu wa Watamu nilimbadilishia dawa ya presha, nikapima asidi yake, nikamwandikia mapishi haya nyuma ya karatasi ya maabara. Alirudi Jumatatu iliyopita kunieleza kwamba alikunywa chupa moja na robo, na kwamba mkewe ndiye aliyeimalizia. Kidole kimetulia kwa sasa. Nitampima tena baada ya wiki sita.

Mwalimu naye huja bado Jumapili moja moja. Anatembea na sindano yake mfukoni, na wenzake wote wamefundishwa kuitumia. Katlesi zake ni za viazi na njegere, na hukaangwa kwanza, katika kikaango chake, kabla kaa hajatolewa kwenye kapu.